Kasha la Makaa la Bi Mwanaidi

Makaa yakinyeshewa yana harufu yake. Si ya moshi wala ya majivu. Ni harufu baridi, nzito, kama ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Juzi mvua ilimkuta muuza makaa wa mtaani kwetu kabla hajafunika magunia yake, nami niliyekuwa napita na mkoba wa sokoni nikasimama katikati ya njia kama niliyeitwa kwa jina. Akaniuliza kama nataka kopo moja. Nikamwambia hapana, nyumbani ninayo. Nikaendelea kusimama. Akanitazama, akaona afadhali aendelee kufunika mali yake.

Wenzangu wa umri wangu mtanielewa. Sisi ndio tuliokwenda chuo cha Kurani na shuleni na mstari mweusi chini ya kucha, mstari usiotoka hata kwa limau na mchanga. Tulijua kupuliza moto kabla hatujajua kusoma. Leo ukiwaambia watoto wetu hayo wanakutazama kwa huruma, na huruma hiyo siitaki. Ndiyo maana naandika haya.

Tulikuwa tukikaa Likoni, ndani ya mtaa, nyumba ya udongo na mawe iliyoezekwa makuti. Tulikuwa watatu: Bibi yangu, Bi Mwanaidi, mama yangu Fatuma, na mimi Saumu. Babu nilikuta amekwisha kufa zamani. Baba alikuwa na nyumba nyingine Tanga, na habari zake ni fupi, maana hakuwa akija. Jiko letu lilikuwa kibanda uani. Ndani yake mlikuwa na mafiga matatu, seredani moja ya makaa iliyotoboka upande, na ubavuni mwa mafiga, kasha.

Nikisema kasha msifikirie sanduku la mbao za kupakilia chupa za soda. Lilikuwa kasha la mbao ngumu ya msaji, la zamani, la mtu kuolewa nalo, ambalo Bibi alipewa na mamake, na mamake alipewa na mtu ambaye jina lake lilikuwa limekwisha sahauliwa. Lilikuwa refu kama kitanda cha mtoto. Mbavuni lilipigiwa misumari ya shaba iliyopangwa mfano wa maua, na chini lilikuwa na droo tatu zenye vipini vya duara. Kwa watu wengine kasha kama hilo lilikaa chumbani, limetiwa leso na vikuku na asumini iliyokauka. Kwetu lilitiwa makaa. Ubao mmoja uligawa tumbo lake, upande huu makaa, upande huu kuni za mikoko zilizokatwa fupifupi. Droo ya kwanza ilikuwa ya viberiti, ya pili ya vifuu vya nazi, ya tatu ya makumbi makavu ya kuwashia. Shaba yote ilikuwa imekuwa nyeusi, isipokuwa pahali pawili: pale Bibi aliposhika kufungua, na kona ile aliyozoea kukalia akisukuma mahamri. Pale iling'aa kama dhahabu.

Mimi niliamshwa na sauti ya kile kifuniko. Kiliguna kikifunguliwa, kisha nikasikia makaa yakigongana kwenye karai kama vigae, kisha kipepeo cha ukili kikipiga, paf, paf, paf. Halafu harufu ya iliki. Wanaume waliokuwa wakiwahi feri, wengine wakienda vibarua bandarini Kipevu, walisimama mlangoni kwetu wakila mahamri na mbaazi za nazi huku wakisalimiana kwa midomo iliyojaa. Bibi aliwajua wote kwa majina, na aliwajua pia wake zao wasiojua kupika.

Siku moja nilimuuliza, "Bibi, mbona kasha zuri namna hii tumelitia makaa?"

Alikuwa anakanda unga, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Hakuinua kichwa. "Kasha hili ndilo lililomtoa mamako," akasema. "Na mjomba wako Athumani. Wote wawili wametoka humu."

Nilikuwa mtoto wa pekee, na kutwa kucha nilikuwa nalilia nipate mdogo wangu. Basi neno lile lilinikaa kichwani kama lilivyotamkwa. Kumbe watoto wa nyumba yetu hutoka humu! Mambo mengi yakanifunukia mara moja: kwa nini Bibi alimsugua mtu kwa dodoki mpaka ngozi ikawaka, kwa nini alilikinga kasha na mvua kuliko alivyojikinga mwenyewe. Tangu siku hiyo, Bibi akienda kisimani, niliinua kifuniko kwa kichwa na mabega, nikatia mkono katikati ya makaa, nikapapasa nikitafuta mguu. Nilitaka awe wa kike. Sikumpata, nikaona huenda bado ni mdogo mno, ana njaa. Nikawa namwekea kipande cha hamri.

"Panya hao," alisema Bibi alipovikuta vile vipande. Akatega mtego. Nami, kila alipotega, niliufyatua kwa kijiti kabla ya mdogo wangu kuumia kidole.

Mjomba Athumani alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi. Kazi yake ilikuwa kuwatolea watu mizigo bandarini, kazi ya kalamu na mihuri, naye alikuwa amejenga Changamwe nyumba ya mawe yenye madirisha ya vioo na sakafu unayojiona uso. Alikuwa mtu mzuri. Alimnunulia mama dawa, alinilipia shule, na hakuna sikukuu iliyopita bila ya yeye kutuletea nguo. Alikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu nyeupe pepepe, na alikaa barazani. Kabla ya kuketi alitoa kitambaa mfukoni akafuta pahali pa kukalia. Jikoni hakuingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingia huku, chai i motoni."

"Nitainywa hapa hapa, mama."

Kila Ijumaa maneno ni hayo. Lakini Ijumaa moja alikunywa chai mpaka nusu akaweka kikombe chini, akasema, "Mama, nina neno juu ya kasha."

"Lina nini?"

"Nataka kulichukua. Nyumba nimeshaimaliza. Nataka kuliweka sebuleni, lisuguliwe, lipakwe vanishi, shaba ing'arishwe. Wageni wakiingia walione."

"Wakishaliona?"

"Wajue na sisi tuna asili yetu."

Bibi akacheka, lakini si kwa furaha. "Asili ya kutazamwa ukutani! Na mimi makaa nitie wapi, kwenye kanga?"

"Nitakununulia pipa. Mama, ni aibu. Kasha la mabibi zetu latiwa makaa kama gunia!"

"Aibu ya nani, Athumani?"

Mjomba alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitia mifukoni.

"Silitoi," akasema Bibi. "Nikifa mtafanya mtakalo. Nikiwa hai, lakaa lilipo. Umalize chai, yapoa."

Muda si mrefu Bibi akafiwa na binamu yake kule Utange. Alifunga buibui lake, akamwambia mama aangalie unga usichache, akaenda kulala matangani. Ilikuwa kama kwamba Mjomba alikuwa akiitazama njia. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, gari la mizigo likasimama nje, na ndani yake makuli wawili.

Mama alikuwa anafua. "Kaka," akasema, "mama hayupo."

"Najua."

"Basi si umngoje?"

"Fatuma, mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii. Nalifanya kwa ajili yetu sote. Akiliona pale sebuleni atafurahi."

Mama alifuta mikono kwenye leso. Kisha akasogea pembeni, na wale watu wakapita.

Kasha lilikuwa zito, limejaa. Wakaliburura mpaka katikati ya uwanja. Mjomba akawaambia wamimine makaa pale pale chini. Hapo ndipo nilipopiga kelele ambayo majirani waliizungumza mwaka mzima.

"Msimimine! Muna mtoto ndani!"

Kuli mmoja akaachia upande wake, nusura kasha limponde mguu. "Mtoto? Mtoto gani, bwana?"

"Hakuna mtoto," akasema Mjomba. "Mimina."

"Yumo!" nikalia. "Mdogo wangu yumo! Hata wewe Mjomba umetoka humo humo!"

Makuli wakaangua kicheko. Mjomba hakucheka. Uso wake ulibadilika, ukawa kama wa mtu aliyepigwa mbele ya watu. Akakamata kasha yeye mwenyewe, kwa kanzu yake ile nyeupe, akalipindua. Yakatoka makaa, zikatoka kuni, likatoka vumbi, vikatoka vipande vya mahamri vigumu kama kokoto. Mdogo wangu hakutoka. Nikajiambia amejificha kwenye droo. Wakalipakia, na gari likaenda na ndugu yangu.

Mchana ule ule mvua ikaja. Mimi na mama tulikimbia na magunia na turubai bovu, lakini makaa yalikuwa yametapakaa uwanja mzima. Tukasimama mlangoni tukayatazama yakilowa. Harufu ile niliyoisema ndiyo ikapanda.

Bibi aliporudi hakuuliza kitu barazani. Alikwenda moja kwa moja uani. Kibandani palikuwa na alama ya mstatili kwenye udongo, pahali pakavu peupe ambapo hapakuwahi kuonekana na jua tangu nizaliwe. Akapatazama.

"Nani?"

"Kaka," akasema mama kwa sauti ndogo.

Bibi akainama akaokota kaa moja uwanjani, akalibana. Maji yakamtiririka mkononi. "Hata hakutafuta pa kuyaweka," akasema. Neno hilo tu. Nadhani kama Mjomba angeyamimina kwenye gunia zima kwa utaratibu, pahali pakavu, mambo yangekwenda vingine.

Alfajiri ya kufuata moto ulikataa. Bibi alipepea, akapuliza, akatia mafuta ya taa, ukatoka moshi wa kijani na kufa. Unga uliumuka ukapita kiasi, ukaanza kunuka. Wanaume wakaja mlangoni, wakachungulia, wakaondoka na njaa yao kuelekea feri. Bibi aliketi chini, maana hapakuwa na pa kukalia tena, akaendelea kupepea seredani isiyo na moto. Macho yake yalikuwa mekundu. Mama akasema ni moshi.

"Mama, msamehe," mama akaanza. "Ni mwanao. Na Alhamisi ni maulidi ya kuingia nyumba yake, ametualika. Usiache kwenda."

"Nani kakwambia siendi?" akasema Bibi. "Nitakwenda, na nitajitia udi."

Alianika makaa juani, juu ya mkeka, akiyageuza moja moja. Alhamisi alichagua yale makubwa, makavu, akayapanga kwenye kikapu kipya cha ukili, akakifunika kwa leso safi. Akaoga. Akajifukiza. Akavaa buibui lake la sikukuu. Mama alisema yeye haji, hawezi fedheha. Tulipofika feri tulimkuta nyuma yetu, anahema, kiatu kimoja hakijafungwa.

Nyumba ya Mjomba ilikuwa imejaa. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, kasida imepamba moto, na wanawake walikuwa sebuleni juu ya mazulia, kila mmoja na marashi yake. Na ukutani, mbele ya wote, kasha. Sikulijua. Lilikuwa la rangi ya chungwa, linang'aa mpaka linatia kero. Shaba imesuguliwa ikawa njano. Juu yake kitambaa cheupe kilichofumwa, na juu ya kitambaa jagi la maua ya plastiki.

Mkaza mjomba Nuru, mke wa Mjomba, akatujia mbio. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, wa mjini. "Karibu mama! Karibu wifi! Oo, na mahamri mmetuletea! Lete nikupokee."

"Wacha, mwanangu," akasema Bibi. "Najua pa kuyaweka."

Akakata katikati ya wanawake, akitoa salamu kulia na kushoto. Alipofika akachukua jagi la maua akampa mgeni aliyekuwa karibu, naye mgeni akalipokea kwa adabu. Akakunja kitambaa vizuri, mara mbili, akakiweka kando. Akainua kifuniko. Hakikuguna. Kilikuwa kimetiwa mafuta.

Mimi nilikimbia kuchungulia. Ndani palitandikwa kitambaa chekundu, pananuka vanishi. Patupu. Nikavuta droo, ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Bibi, hayumo!" nikasema, na kilio kikanishika.

Bibi hakunisikia. Alikwisha inua kikapu. Akakipindua chote, na makaa yakaanguka ndani ya kasha kwa ile sauti ya vigae, sauti niliyoamka nayo maisha yangu yote, sebuleni kwa watu. Vumbi jeusi likapanda kwenye mwanga wa dirisha, likatua polepole juu ya mazulia na juu ya mabuibui ya watu. Bibi akafunga kifuniko. Akakaa juu yake.

Kasida ikakatika. Mjomba akatokea mlangoni na kofia yake ya vito, ile iliyotariziwa kwa mkono. "Mama! Wafanya nini?"

"Natia makaa."

"Mbele ya watu?"

"Wewe ulilichukua mbele ya mjukuu wangu."

"Nilikuomba!"

"Nami nilikwambia silitoi. Ukangoja nizike mtu."

Wanawake walijiziba midomo kwa mitandio. Mjomba alijaribu kuteremsha sauti, lakini ilimponyoka. "Wajua waliniita nani shuleni, mama? Wajua? Masizi. Mpaka leo wako watu Likoni wakiniona nashuka garini wasema Masizi huyoo yuaja. Nilikaa darasani mikono nimeikalia, mwalimu akiuliza jambo nalijua nisiinue mkono. Nikaapa, siku nitakapojenga, kasha lile nitalisugua mpaka mtu asijue."

Nilidhani Bibi atamkaripia. Hakumkaripia.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Nilikuwa nikiwasikia wakikuita njiani. Nilijua, na kesho yake nikakutuma makaa vile vile. Sasa nisikilize, na hawa wageni wako wasikilize, maana si siri. Babako alipokufa, kasha hili lilikuwa na nguo zangu za harusi na vikuku vya mamangu. Vikatoka kimoja kimoja, mkala. Likabaki tupu. Mimi kazi niliyoijua ni mahamri. Makuti yavuja, makaa yalowa, moto hauwaki, na nyinyi wawili mwalia. Nyumba nzima pahali pakavu ni humu. Nikatia makaa. Wallahi tangu siku ile hamkulala na njaa. Niambie basi, hapo niingie haya kwa lipi?"

Mjomba akaitia mikono mifukoni.

"Walikucheka, na ukaumia, na mimi niliumia kwa ajili yako," akasema Bibi. "Lakini kasha ni langu. Si lako kuliosha."

Hapo ndipo nilipofahamu. Wametoka humu. Neno lile lilikuwa na maana nyingine siku zote, na maana hiyo ilikuwa kubwa kuliko yangu, lakini haikuwa na mdogo wangu ndani yake. Nikaacha kuvuta droo. Mama, ambaye tangu tuingie alikuwa amesimama nyuma kabisa, akaja akanishika mkono, akaenda kusimama ubavuni mwa Bibi. Alisimama tu, na watu wote walimwona.

"Mimi nalichukua kwa nia njema," akasema Mjomba.

"Basi lirudishe kwa nia hiyo hiyo."

Nilimtazama Mkaza mjomba Nuru, ambaye zulia lake lilikuwa limekuwa jeusi, nikidhani atazimia. Akajikung'uta vumbi kifuani, akatazama kidole chake, akaguta kwa kicheko. "Athumani," akasema, "kawamalizie watu maulidi yao, halafu uite gari. Mama hatashuka hapo, na mimi pilau langu lapoa."

Kweli hakushuka. Aliletewa sinia pale pale juu ya kasha, akala, akaomba kahawa ya pili. Wanawake wengine, wale wakubwa, walianza kumsogelea. Mmoja akamwambia kwamba mamake alikuwa akiuza vitumbua Kisauni. Mwingine akasema kwao kasha la harusi lilitiwa mpunga. Sebule ile ilichangamka kuliko ilivyokuwa kabla.

Jioni gari likatupeleka nyumbani, kasha nyuma, makaa ndani. Dereva alimwomba Bibi akae mbele. Akakataa. Alipanda nyuma na buibui lake la sikukuu, akakaa juu ya kasha, mgongo umenyooka, na hivyo ndivyo alivyovuka feri. Watu waliotoka kazini walikuwa wengi, na miongoni mwao wateja wake.

"Bi Mwanaidi!" mmoja akaita. "Kesho tutapata?"

"Kesho njooni!" akajibu. "Na mwambie yule mwenzako mrefu arudishe sahani yangu!"

Mjomba hakuja Ijumaa ile wala zilizofuata. Halafu siku moja likaletwa jiko la gesi, jipya, na mtungi wake, zawadi kutoka Changamwe. Bibi alilipokea kwa dua nyingi. Akaliweka sebuleni kwetu, pembeni, akalitandika kitambaa. Wageni wakiingia akawaonyesha. "La mwanangu Athumani," anasema, "zuri, sivyo?" Halafu anakwenda uani kuwasha moto. Mjomba aliporudi kuja, aliliona pale, akalitazama sana. Alikaa barazani, akafuta pa kukalia, akanywa chai yake. Wala siwezi kuwaambia kwamba alibadilika. Mpaka Bibi anakufa hakuingia jikoni uani, na mpaka anakufa Bibi hakuacha kumwita aingie. Walipendana hivyo hivyo, kila mtu kwenye msimamo wake.

Siku ya kumaliza matanga ya Bibi, Mjomba akakohoa, akasema, "Na lile kasha..." Mama hakumwacha amalize. "La Saumu," akasema. Mambo yakaishia hapo.

Sasa liko kwangu. Mahali pengine vanishi ya Mjomba bado haijatoka, imebaki kama magamba ya samaki, na watu hunishauri nilitengeneze, nilitoe jikoni, nilitie taa juu yake. Nami nina gesi, sijifanyi sina. Lakini mbaazi nazipika kwa makaa, na makaa nayatia mnamohusika.

Nilipofiwa na mume wangu, kabla eda yangu haijaisha, ndugu zake walikuja kutaka cherehani zangu. Walisema ni mali ya marehemu, wanazichukua waziweke pahali salama. Zilikuwa cherehani nilizozishonea miaka, na watoto watatu walikuwa wakila humo. Nilisema nao nikiwa nyuma ya pazia. Niliwaambia marehemu aliacha kiwanja na baiskeli na redio, sheria ipo, kadhi yupo, tutagawana kama Mungu alivyoamrisha. Cherehani ni zangu, nilizinunua kabla sijaolewa, na mwenye kutaka kuzibeba apite juu yangu. Sikupaza sauti. Nikamwashiria mmoja wa watoto atoe makaa kashani, aweke chai motoni.

Mkubwa wao akasema, "Wewe mwanamke una kiburi."

"Ninacho," nikamjibu. "Chai yaja. Sukari mwatia vijiko vingapi?"